Baba wa Kambo na Malezi ya Mtoto: Ushahidi wa Wahadzabe

Masimulizi ya Kiswahili humtwika mama wa kambo lawama za kumbagua mtoto asiyemzaa. Ushahidi wa Frank Marlowe, aliyewachunguza Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, unamhusu baba. Katika makala yake ya 1999, Marlowe alibainisha kuwa wanaume waliwapa watoto wa kambo malezi haba kuliko watoto wao wa kuwazaa. Malezi yalipimwa kwa vitendo vya kawaida kabisa, kama vile kumpakata mtoto, kucheza naye na kuzungumza naye.

Ikumbukwe kuwa kilichopimwa si ukatili. Sheria huweza kuadhibu kipigo, lakini mtoto asiyepakatwa hana kovu la kumwonyesha afisa ustawi wa jamii. Hata dodoso huweza kumpita. Katika kaya nyingi zinazozungumza Kiswahili, mtoto humwita mume wa mamaye “baba” tu, kwa heshima. Neno “wa kambo” hutajwa zaidi asipokuwapo mhusika. Akiulizwa iwapo anaishi na baba yake, mtoto huyo atajibu ndiyo, naye mdadisi ataandika kuwa analelewa na wazazi wote wawili.