Bakteria Akibanwa

Majuzi nilikuwa kwenye duka la dawa nikamsikia kijana akiomba "rangi mbili, viwili tu". Alimeza kimoja papo hapo, kingine akakitia mfukoni. Wengi wetu huamini kwamba dawa kidogo, hata isipoponya, haidhuru. Hebu tutazame hufanya nini kwa bakteria.

Bakteria anapojigawa hunakili maagizo yake ya urithi. E. koli, mkazi wa matumbo yetu, ana herufi zipatazo milioni 4.6, naye hukosea herufi moja hivi katika migawanyiko elfu moja. Wapiga chapa wetu wangemwonea wivu! Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwamba makosa hayo huzuka yenyewe, hata kabla adui hajafika. Bakteria hachagui kosa la kumfaa.

Basi mwaka 1988 John Cairns na wenzake wakazua ubishi. Bakteria wenye njaa, waliowekewa sukari wasiyoweza kuitumia, walionekana kupata kosa lilelile la kuwawezesha kuitumia. Je, walichagua? Uchunguzi wa baadaye ulikuta makosa yametapakaa hata mahali pasipo na faida yoyote. Dhiki iliongeza makosa, haikuyalenga.

Njia mojawapo inajulikana vizuri. Protini iitwayo LexA hufungia vifaa vya dharura. Urithi ukiharibika, LexA hukatika na vifaa hutoka, wakiwemo wanakili wazembe wanaoruka palipoharibika kwa kuandika lolote, mradi kazi isonge. Heri nakala mbovu kuliko kifo.

Dawa ya siprofloksasini huharibu urithi namna hiyo. Ikitosha, bakteria hufa. Ikiwa haba, baadhi hubaki hai, wamebanwa, wakinakili ovyo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitumia E. koli ambaye LexA yake haikatiki. Ndani ya panya waliotibiwa kwa dawa hiyo, alishindwa kujipatia usugu.

Kisha mwaka 2010 watafiti wa Boston wakaripoti kwamba antibiotiki kwa kiasi kisichoua, ampisilini ikiwemo, iliongeza makosa, na wengine kati ya bakteria hao wakawa sugu kwa dawa ambazo hawakuwahi kukutana nazo.

Yule kijana hakuulizwa anaumwa nini. Nyuma yake tulikuwa foleni ya watu sita.