MAJI YA MCHANGANI HUTEMBEA

Msafiri apitaye Kitui au Makueni mwezi wa Septemba huona mito mikavu na kudhani hakuna maji. Wenyeji wajua yako chini ya miguu yake. Palipojengwa ukuta wa mawe na simiti kuvuka mto, mchanga hujaa nyuma yake, na mvua ikinyesha maji hujificha humo. Shirika la SASOL peke yake limejenga kuta zaidi ya 500 katika Kitui tangu miaka ya 1990.

Lakini maji hayo hayatulii. Jaza debe mchanga mkavu wa mtoni, utie maji mpaka yafike juu, kisha utoboe tundu dogo chini. Mchanga wa chembe kubwa utatoa maji upesi, yapata theluthi ya debe. Wa chembe ndogo utatoa machache, tena polepole. Watafiti walipima maji ya bonde la Kiindu, Kitui, wakafanya hesabu kwa kompyuta, na habari zake zikachapwa mwaka 2009. Waliona kwamba wakati wa mvua maji huingia hata kingoni mwa mto, na wakati wa kiangazi hurudi mchangani.

Basi wewe uliyejenga ukingoni, fikiri: maji hayo yanaporudi hupita chini ya choo chako na boma la ng'ombe. Tuseme yanakwenda mita 1 kwa siku. Choo kikiwa mita 20 kutoka kisimani, uchafu utafika kwa siku 20. Vijidudu vya ugonjwa hunaswa mchangani na kufa kadiri siku zinavyopita. Ndiyo sababu Wajerumani hutaka maji yakae ardhini siku 50 kabla ya kufika kisimani. Kwa hesabu yetu, hizo ni mita 50. Na mchanga wa chembe kubwa, ambao twaupenda kwa wingi wa maji yake, ndio upitishao uchafu upesi. Chumvi na nitrati ya samadi hazichujwi na mchanga wowote.

Vishimo vya wazi, ambamo punda na watu hunywa pamoja, havina hesabu ya siku, maana kinyesi huangukia majini moja kwa moja. Afadhali kisima kilichojengewa na kufunikwa, chenye pampu ya mkono, mbali na choo na upande wa juu wake. Ng'ombe wanyweshwe upande wa chini wa kisima, na maji ya dawa ya kuogeshea mifugo yasimwagwe mtoni.