Asali na Mtoto Mchanga

Mjini Babati asali si kitu kigeni. Huletwa sokoni katika chupa na madumu, na nyumba nyingi huiweka kwa kikohozi, kwa kidonda, hata kwa uji. Mtu mzima na aile kwa furaha. Lakini mtoto asiyetimiza miezi 12 asilambishwe hata kidogo, na sababu yake imo tumboni mwake.

Asali, hata iliyo safi, yaweza kubeba mbegu za kijidudu kiitwacho klostridiamu botulinamu, kikaacho udongoni. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Sisi wakubwa tukizimeza hupita tu, kwa maana matumbo yetu yamejaa vijidudu vyema visivyozipa nafasi. Tumbo la mtoto mchanga ni kama shamba lililolimwa jana: mbegu iangukayo humo hupata nafasi ya kuota. Kijidudu kikiota hutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hufunga choo siku kadhaa, kisha hunyonya kwa udhaifu, kilio hufifia, shingo hulegea. Asipotibiwa, pumzi yaweza kukatika.

Ugonjwa huu wa watoto ulitambuliwa Marekani mwaka 1976. Miaka miwili baadaye Daktari Stephen Arnon na wenzake, huko California, walitangaza kwamba wamekiona kijidudu hicho matumboni mwa baadhi ya watoto waliokufa ghafula. Ni wachache tu. Vifo vingi vya usingizini havijapatiwa sababu moja hadi leo. Basi vikitokea, jirani asinong'one habari za uchawi, wala mume asimlaumu mkewe.

Bibi atauliza: mbona ninyi nililambisha mkakua? Ni kweli, bibi. Mbegu hizo hazimo katika kila asali. Ila hakuna jicho liwezalo kuona chupa ipi inazo.

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 huwalisha vijidudu vyema vya tumboni. Usiku mtoto alazwe chali: Uingereza ilipowafundisha wazazi hivyo tangu 1991, vifo vya ghafula vilipungua kuliko nusu.

Na mtoto akilegea na kushindwa kunyonya, apelekwe siku hiyo hiyo Mrara au Dareda. Mama amwambie daktari wazi kama mtoto alilambishwa asali, asione haya. Tiba ipo, na watoto wengi wanaowahiwa hupona.