Sumu ya Mbarika na Seli Zilizojificha

Mbarika ni mmea uonekanao kandokando ya njia na nyuma ya nyumba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mafuta yake yametumika tangu kale, lakini mbegu zake zina protini iitwayo risini, mojawapo ya sumu kali kabisa zitokazo katika mimea. Peter Hermann Stillmark aliieleza mwaka 1888. Miaka 100 baadaye wataalamu waliijaribu dhidi ya virusi vya UKIMWI. Je, sumu yawezaje kufanywa silaha ya tiba?

Molekuli ya risini ina sehemu mbili. Sehemu B hushika sukari zilizo juu ya seli na kufungua njia. Sehemu A huingia ndani na kuharibu ribosomu, yaani viwanda vya protini. Seli isiyotengeneza protini hufa. Kwa kuwa sukari hizo zimo karibu katika seli zote, sehemu B haichagui. Basi wataalamu waliiondoa, wakatafuta kiongozi mwingine wa kuifikisha sehemu A inapotakiwa.

Kiongozi huyo alipatikana katika tabia ya virusi vyenyewe. Seli inayozalisha virusi huonyesha kwenye utando wake protini ya virusi iitwayo gp120. Protini hiyo hushikamana na CD4, protini ya chembechembe nyeupe za damu ambayo ndiyo mlango wa virusi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliunganisha CD4 na sehemu A ya risini. Maabarani, seli zilizoambukizwa zilikufa, na zisizoambukizwa zikasalimika.

Mbona basi njia hiyo haijawaponya wagonjwa? Kwanza, mwili huiona risini kuwa kitu kigeni na kutengeneza kingamwili za kuipinga. Pili, zipo seli zenye virusi vilivyolala. Hizo hazionyeshi gp120, hivyo kiongozi huzipita bila kuzitambua. Ndizo zinazomlazimu mgonjwa kuendelea na dawa za ARV, kwani akiziacha virusi huzaliana tena. Kwa sababu hiyo watafiti hutafuta pia njia ya kuviamsha virusi hivyo, ili seli zake zijitokeze na kuuawa.

Mwalimu awaonye wanafunzi: mbegu za mbarika zisitafunwe kamwe. Mbegu hazina kiongozi. Sumu yake huua seli yoyote inayoifikia.