Fahali Mnene Asiyezalisha

Wenye ng'ombe wa Moiben, Ziwa na Kesses hufika katika ofisi ya kilimo hapa Eldoret na swali moja: fahali ni mnene, hupanda bila uvivu, lakini ng'ombe hurudi kutaka dume kila baada ya siku 21. Mara nyingi lawama humwangukia jike, naye huuzwa kwa mchinjaji. Yafaa tumtazame fahali kwanza, tena tutazame jambo lisiloonekana kwa macho.

Mbegu ya fahali hutengenezwa katika korodani kwa muda wa siku 61 hivi. Ikitoka huko bado ni changa. Ina mkia lakini haijui kuogelea, wala haiwezi kulitia yai mimba. Hapana budi ipite kwanza katika mrija mwembamba uliokunjamana kando ya korodani, uitwao epididimisi. Ukiukunjua mrija huo wapita urefu wa mita 30! Safari yake huchukua yapata siku 10, na humo mbegu hukomaa kama mtoto anavyopanda madarasa.

Ni nini kinachoikomaza? Kuta za mrija hutoa maji yenye protini za namna nyingi. Baadhi ni vipande vifupi viitwavyo peptidi, na jamaa moja ya peptidi hizo huitwa difensini. Kazi yao ya asili ni ulinzi. Difensini ina chaji chanya ya umeme, na ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Basi hushikana, ngozi hutoboka, na bakteria hufa. Mojawapo ya difensini za kwanza za ukoo wa beta ilitambuliwa huko Marekani mwaka 1991, katika bomba la pumzi la ng'ombe. Kwa hiyo mnyama wetu wa maziwa ndiye aliyewafundisha wataalamu.

Lakini ndani ya epididimisi silaha hiyo hufanya kazi nyingine. Beta-difensini ya 126 ya fahali hutoka katika sehemu ya mwisho ya mrija, ikaivika mbegu kama koti. Koti hilo huisaidia mbegu kwenda kwa nguvu, na kushika ukuta wa mrija wa yai ndani ya jike. Kwa binadamu, koti la namna hiyo huisaidia mbegu kupenya ute wa shingo ya kizazi. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wanaume wenye kasoro katika nakala zote mbili za jini hiyo hukawia kupata watoto, ijapokuwa mbegu zao chini ya hadubini ni nyingi na zaogelea vizuri. Msomaji asiipite habari hiyo upesi. Hadubini huhesabu mbegu, koti haioni.

Katika kupandisha kwa sindano, mtaalamu huipitisha mbegu moja kwa moja hadi ndani ya kizazi, na ute wa shingo huachwa nyuma. Safari ya mrija wa yai bado iko palepale. Kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho tangu 2011 ni Kenya Animal Genetic Resources Centre, hupima mbegu za mafahali wake kabla ya kuzigandisha. Fahali wa jirani aliyekodishwa kwa maboma kumi hajapimwa na mtu.

Huyo wa kukodi ndiye wa kuogopwa. Bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, huweza kuvimbisha korodani na epididimisi, na mrija uliovimba au kuziba hauwezi kuikomaza mbegu sawasawa. Homa nayo huharibu, kwa maana korodani hutaka ubaridi wa nyuzi 3 hadi 5 chini ya joto la mwili.

Fahali aliyepona homa asihukumiwe mapema. Siku 61 za kutengeneza na 10 za safari ni 71: akipona tarehe 1 Machi, mbegu isiyoguswa na homa haitatoka kabla ya tarehe 11 Mei. Kama korodani moja imevimba au ni moto, usingoje siku hizo. Mwite daktari wa mifugo achukue damu, ya fahali na ya majike aliowapanda, na maziwa ya majike hao yachemshwe kabla ya kunywewa.