Nani Atabeba?

Sogeeni, sogeeni, mkeka unatutosha sote. Mmeniuliza: mtu akitaka kusafiri kwa mtumbwi siku tano porini, apange vipi? Hongereni, swali hilo lina utamu. Wakubwa wengi huanza kwa kutafuta kafi. Sisi tutaanza na mabega.

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, kuna nyika ya misitu na maji iitwayo Boundary Waters. Ina maziwa zaidi ya 1,000. Fikirini nyua za majirani. Ua huu umepakana na ule, lakini katikati pana uchochoro. Ukimaliza ua mmoja unapita uchochoroni, unatokea ua wa pili. Maziwa yale ndiyo nyua. Vichochoro ni njia za nchi kavu, zenye mawe na mizizi. Ukifika mwisho wa ziwa, unashuka.

"Na mtumbwi, mjomba?"

Aa! Mtumbwi unaubeba.

"Kichwani?"

Mabegani, mwanangu, kifudifudi. Katikati yake pana ubao uliokingama, umechongwa mahali pa shingo. Msifikirie mtumbwi wetu wa gogo la mwembe. Huo ungetaka kijiji kizima. Wa kule hutengenezwa kwa nyuzi ngumu za kiwandani, na ulio mwepesi una kilo 20 hivi. Wa alumini hupita kilo 30.

Basi siku ya kufunga mizigo, mtumbwi uliegemea ukuta ukitazama. Mtoto akaleta sufuria tatu. Mtumbwi ukauliza, "Nani atabeba?"

Akaleta viatu vya akiba, pea nne. "Nani atabeba?"

Akaleta makopo ya maharage. "Hayo hata usiyasogeze," ukasema mtumbwi. "Vyakula vya kopo na vya chupa za kioo ni marufuku kule. Chukua maharage makavu, uyatie mfukoni."

Mtoto akanuna. "Kila kitu kitaenda! Kwenye kila uchochoro nitapita mara mbili tu, kwanza na begi, halafu na wewe."

"Mara mbili? Hebu hesabu tena."

Nanyi hesabuni. Unavuka na begi: moja. Unarudi mikono mitupu kuufuata mtumbwi: mbili. Unavuka na mtumbwi: ngapi hizo?

"Tatu!"

Tatu, siyo mbili! Aliyejibu kwanza apewe kashata. Watu wazima hukosea hapo hapo, wakajua ukweli jua likiwa utosini.

Ramani za kule huandika namba kwenye kila uchochoro. Kipimo chake ni cha zamani, mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Namba 100 maana yake mitumbwi 100 imelazwa, omo ya huu ikigusa tezi ya ule. Hizo ni mita 500. Siku yenye vichochoro vinne vya namna hiyo ina kilometa 2 za nchi kavu. Na kwa mara tatu? Kilometa 6, na katika hizo, 4 una mzigo mgongoni. Ndiyo maana mpangaji mzuri huikalia ramani kwanza, begi baadaye. Mzigo usipopungua, njia ipungue.

"Nani alizikata njia hizo?"

Ewe mdogo wa mwisho, unauliza kama hakimu! Wenyeji wa huko, Waanishinaabe, walizipita tangu kale na mitumbwi ya magome ya mti. Karne ya 18 wakaja wachuuzi wa ngozi za wanyama. Jirani na hapo, Grand Portage, kuna njia ya karibu kilometa 14, na mpagazi alibeba mafurushi mawili kwa pamoja, kila moja kilo 40 hivi. Mimi ningelala chini nikasingizia malaria.

Yaliyobaki ni mepesi. Kibali kitafutwe mapema, maana kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba kila lango lina idadi yake ya makundi kwa siku. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Ziwa kubwa livukwe asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi. Siku moja iachwe tupu, upepo ukikataa msishindane nao. Maji ya kunywa hayabebwi. Yanachotwa ziwani, yakachemshwa au kuchujwa. Mtumbwi uliposikia hilo ulishusha pumzi.

"Na dubu, mjomba?"

Nilijua tu! Wapo, dubu weusi. Wanachotafuta ni begi la chakula. Kila jioni begi hilo huvutwa kwa kamba hadi juu ya mti, mbali na shina, au chakula hufungiwa kwenye pipa ambalo dubu hawezi kulifungua. Na dawa ya meno iingie humo humo. Msicheke! Dubu hajui kupiga mswaki. Kwake kila kinachonukia ni cha kula.