Pikapu kuukuu ikizima mlimani, anza na tangi kabla ya kununua pampu

WAKULIMA na wachuuzi wengi wa kabichi, viazi na maziwa wanategemea pikapu za petroli zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka 25 iliyopita.

Datsun, Toyota Hilux na Peugeot 504 za zamani bado zinaonekana kila alfajiri zikishuka kutoka Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, kuelekea soko la Wakulima jijini Nairobi, maarufu kama Marikiti.

Sababu ni bei. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka 8, na pikapu changa kiasi hicho ni ghali kwa mkulima wa ekari mbili au tatu. Hivyo kuukuu linaendelea kutiwa viraka.

Tatizo ni kwamba pikapu hizi huchagua siku mbaya ya kugoma. Msimu wa mvua unapoanza, mambo mawili hutokea sana: injini inakosa mafuta na kuzima gari likiwa na mzigo mlimani, na waipa zinakataa kufuta kioo.

Hasara yake si gharama ya fundi peke yake. Tuseme shehena ya kabichi ingeuzwa kwa Sh30,000 ikifika sokoni saa kumi na moja alfajiri. Ikifika saa nne, wanunuzi wakubwa wameshaondoka na madalali wanatoa Sh18,000. Mkulima amepoteza Sh12,000 kabla hajalipa hata shilingi moja ya spea.

Aidha, wengi huongeza hasara hiyo kwa kubahatisha. Gari likizima, wananunua pampu. Likizima tena, wananunua kabureta. Mwishowe inagunduliwa kwamba chanzo kilikuwa kifuniko cha tangi.

Dawa ni kufuata njia. Mafuta yana njia yake kutoka tangini hadi kwenye kabureta, na umeme una njia yake kutoka kwenye betri hadi kwenye mota ya waipa. Anayekagua njia hiyo hatua kwa hatua hugundua ubovu bila kununua asichohitaji.

Je, ni mafuta au ni moto?

Kwanza, dereva atofautishe ukosefu wa mafuta na ukosefu wa moto wa plagi. Kwa kawaida, injini inayokosa mafuta hufa polepole: inakohoa, inapoteza nguvu, inashtukashtuka kisha inazima. Ikiachwa dakika chache inawaka tena. Injini inayokosa moto kwa kawaida huzima ghafla kana kwamba mtu amezungusha ufunguo.

Ikiwa dalili ni za mafuta, ukaguzi uanze na kifuniko cha tangi. Tangi linahitaji kupumua. Mafuta yanapopungua bila hewa kuingia, pampu inashindwa kuyavuta. Gari likizima, fungua kifuniko. Ukisikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, na gari likawaka na kwenda vizuri baadaye, umepata mchawi.

Wanaoziba tangi kwa kitambaa au karatasi ya nailoni wanajiletea balaa lingine. Nyuzi, vumbi na maji ya mvua huingia na kuziba njia. Kuendesha gari kila siku likiwa na lita mbili tatu pia ni hatari, kwa kuwa unyevu huganda katika sehemu tupu ya tangi na kuleta kutu.

Pili ni chujio la mafuta. Hiki ni kifaa cha bei nafuu, na kile cha plastiki inayopenyeza mwanga humwezesha mwenye gari kuona uchafu. Kina mshale unaoonyesha mafuta yanakokwenda. Chujio jipya likijaa kutu baada ya siku chache, kosa si lake. Tangi linahitaji kushushwa na kusafishwa.

Tatu ni mipira ya mafuta, na hapa wengi hudanganyika. Katika pikapu ambazo pampu iko kwenye injini, mafuta huvutwa kutoka tangini. Mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu huenda usidondoshe hata tone, bali ukanyonya hewa. Mwenye gari akitafuta tu mahali palipolowa, hatauona ufa huo. Kila mpira ukunjwe kwa vidole. Wenye mipasuko ubadilishwe.

Kupima pampu

Ni baada ya hapo tu ndipo pampu ishukiwe. Pampu nyingi za zamani zina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na kemshafti. Ili kuipima, fundi huondoa waya wa koili ili plagi zisitoe moto, huchomoa mpira kwenye kabureta na kuuelekeza ndani ya chupa, kisha mtu mwingine huzungusha stata. Mafuta yanapaswa kuruka kwa nguvu na kwa vipindi. Yakidondoka tu, ilhali tangi, chujio na mipira ni salama, pampu imechoka.

Kazi hii ifanywe nje, injini ikiwa baridi, mbali na sigara na jiko.

Kuna dalili moja isiyopaswa kupuuzwa: oili inayonuka petroli na kuongezeka kwenye kijiti cha kupimia. Kiwambo kilichotoboka kinaweza kumwaga petroli ndani ya oili, nayo oili nyepesi haiwezi kulinda injini. Gari lisiendeshwe hadi pampu na oili zibadilishwe.

Pampu ikiwa nzima, kabureta ndiyo inayofuata. Baadhi ya kabureta za Kijapani zina kidirisha kidogo cha kioo kinachoonyesha kiwango cha mafuta. Kikiwa tupu baada ya stata kuzungushwa, mafuta hayaingii, na huenda sindano imekwama kwa uchafu.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Kinangop iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako petroli huchemka upesi zaidi kuliko pwani. Mpira uliolala karibu na ekzosi unaweza kujaa mvuke, na injini ikazima mlimani ilhali kila kifaa ni kizima. Tiba ni kuuhamisha mpira huo mbali na joto.

Mazoea mawili yakomeshwe. La kwanza ni kumimina petroli ndani ya kabureta huku stata ikizungushwa. Injini ikirudisha moto, anayemimina ataungua. La pili ni kunyonya petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni kinaweza kumlaza mtu hospitalini.

Waipa: sikiliza mota kwanza

Kwa upande wa waipa, ukaguzi uanze na mpira wake. Jua huufanya kuwa mgumu, na badala ya kufuta hupaka tope. Usafishe kwa maji na sabuni. Ukiwa umepasuka, badilisha.

Waipa zisiposogea, washa swichi usikilize. Mota ikinguruma, umeme unafika. Huenda nati inayoshika mkono wa waipa imelegea, au kiungio kati ya mota na mikono kimechomoka kwa sababu bushi yake imelika. Hiyo si kazi ya kununua mota.

Pakiwa kimya, angalia fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe na ya kiwango kilekile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa chuma au mota imekwama. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kualika moto ndani ya gari.

Fyuzi ikiwa nzima, chunguza njia ya umeme wa kurudi. Mota hurudisha umeme kupitia chuma cha gari. Pikapu nyingi kuukuu zimechomelewa na kupakwa rangi mara kadhaa, na kutu au rangi huziba njia hiyo. Unganisha waya kutoka mwili wa mota hadi upande hasi wa betri. Waipa zikiamka, kwangua kutu na ukaze nati.

Waipa zinazokwenda polepole huenda zimekauka kwenye vyuma vinavyozungusha mikono. Ondoa kiungio uwashe mota peke yake. Ikizunguka vizuri, tatizo ni grisi. Hata hivyo, taa zikififia pia wakati huo, kagua betri na alteneta. Nazo zikifanya kazi kwa mwendo mmoja tu, shuku swichi au brashi za mota.

Daftari la gari

Mkulima anayeandika gharama za mbolea hana budi kuandika za gari pia: tarehe, kilichoharibika, kilichonunuliwa, na safari iliyopotea. Mwisho wa msimu ajumlishe na kugawanya kwa idadi ya safari. Kiasi hicho, pamoja na petroli, kikizidi nauli ya kukodi lori pamoja na majirani, pikapu hiyo haimlipi tena.

Kikiwa chini yake, kuukuu bado lina kazi. Kinachohitajika ni kulikagua wiki moja kabla ya mvua kuanza, badala ya kungoja lizime mlimani likiwa na kabichi mgongoni.